Namba Kumi na Nne

Sehemu ya tisa

Jumanne, tarehe 17 Februari 1953. Theluji ilikoma alfajiri juu ya Montréal. Anga lilitakata, jua likawaka bila kumpa mtu joto lolote, na baridi ilikuwa ile ya kugandisha unyevu wa puani kabla hujamaliza kuvuka barabara. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu.

Lakini ghorofa ya juu kabisa ya hospitali, hakuna aliyekuwa akiwaza baridi.

Saa nne na robo. Rosaire Gadbois alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, macho wazi, akili timamu, na upande wa kushoto wa fuvu lake umefunguliwa kama dirisha. Hakusikia maumivu. Ganzi ilikuwa ya ngozi tu, maana ubongo wenyewe hauumi ukiguswa.

Juu yake, nyuma ya kioo, Fleurette alikuwa ameshika kalamu. Hakuthubutu kuitazama karatasi yake.

Ninyi mliokuwa nasi wiki iliyopita mnajua kwa nini. Wewe unayeingia leo, sogea nikueleze upesi, kwa maana daktari anakaribia kukata.

Kabla hajakata kipande kinachozaa kifafa, Daktari Ainslie hutafuta njia. Hugusa ubongo kwa ncha ndogo ya umeme, hapa na pale, huku mgonjwa akizungumza. Pakiguswa mahali fulani, kidole huwashwa. Pengine mgonjwa hushindwa kutaja kitu anachokijua kama jina la mama yake. Pengine husikia sauti za miaka iliyopita, kama redio iliyofunguliwa ghafla. Kila mahali panapojibu, daktari hulaza kikaratasi chenye namba. Na huko juu, karani huandika namba na jibu lake.

Karani huyo ndiye Fleurette Lussier, mjane wa miaka thelathini na mitatu. Alijifunza hatimkato na Kiingereza katika madarasa ya jioni, chini ya kanisa la mtaa wake, baada ya kuosha vyombo mchana kutwa. Kazi ile aliiomba kwa magoti. Daktari alimpenda kwa sababu wagonjwa wengi walitoka mashambani, na Kifaransa chao cha haraka kilimpita yeye kama gari la moshi lisilosimama. Fleurette ndiye aliyekuwa masikio yake.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hospitali nzima haikulijua. Rosaire, mgonjwa wa leo, alikuwa ndugu yake. Mama zao walizaliwa tumbo moja. Mama yake Fleurette alipofariki, Mama Alphonsine Gadbois alimchukua akamlea na mwanawe, sahani moja, kitanda kimoja. Alipofika miaka kumi na sita Fleurette aliondoka kijijini, na hakuandika tena hata barua moja.

Asubuhi hii, ncha ya umeme ilipogusa mahali pa kumi na nne, Rosaire alitabasamu chini ya shuka akasema, "Namsikia dada yangu Fleurette. Tuko darini, kwenye ghala la nyasi. Ananiambia, 'Ruka, Rosaire! Ruka, usiwe mwoga!'"

"Anasema nini, Bi Lussier?" daktari aliuliza.

Fleurette alijibu, "Anasikia sauti, daktari. Maneno hayaeleweki."

Na hakuandika kitu. Kalamu iligoma kuliandika jina lake mwenyewe. Ncha ikasogea upana wa kidole gumba, nesi akaonyesha picha ya kipepeo, Rosaire akanyamaza kabisa, kikawekwa kikaratasi cha kumi na tano. Na Fleurette, kichwa kikivuma, akaandika ule unyamavu kwenye mstari uliokuwa wazi, mstari wa kumi na nne. Kwenye mstari wa kumi na tano, ili hesabu itimie, akaandika: hisia kama ndoto.

Mistari miwili imebadilishana mahali, na kwa Rosaire daktari atakata panaposikika sauti, kinapoanzia kifafa, na kuacha penye unyamavu, panapokaa usemi. Hapo ndipo tulipomwacha.

*

"Bi Lussier." Sauti ya daktari ilipanda kupitia kipaza sauti. "Nisomee kumi na nne na kumi na tano."

Fleurette alibonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka mezani. Akasoma kwa Kiingereza, lugha ya kazi.

"Kumi na nne. Mgonjwa alishindwa kutaja picha. Umeme ulipoondolewa alisema, 'Kipepeo.' Kumi na tano. Hisia kama ndoto. Sauti isiyoeleweka."

Daktari alivitazama vikaratasi.

"Ajabu," alisema Daktari Ainslie. "Ningeapa ilikuwa kinyume chake."

"Kiapo chako hakina kazi humu ndani," sauti ya Nesi Kerrigan ilitoka chini ya mashuka, alikokaa uso kwa uso na mgonjwa. "Sheria uliiweka mwenyewe."

Ni kweli. Miaka kumi na moja nyuma daktari aliamini kumbukumbu yake badala ya karatasi, na mwalimu mmoja wa shule akarudi nyumbani hawezi tena kuwaita wanawe kwa majina. Tangu siku hiyo, katika chumba kile karatasi ndiyo iliyosema.

"Kerrigan, wewe uliona nini?"

"Nilimwona akinyamaza. Nilimwonyesha kipepeo, akanitumbulia macho kama samaki sokoni. Lakini namba zako sizioni kutoka huku chini. Naona pua ya Rosaire tu."

"Pua nzuri, lakini," alisema Rosaire. "Waulize wasichana wa kijiji chetu, Saint-Odon."

"Nyamaza wewe, bado hujaoa."

"Ndiyo maana nasema waulize."

Watu wakacheka kwenye barakoa zao. Daktari hakucheka. Aliinua uso kuelekea kioo.

"Bi Lussier, sikiliza. Naweza kugusa tena nihakikishe. Lakini kifafa kimemnyemelea mara mbili tangu asubuhi. Kikimpanda fuvu likiwa wazi, tutafunga na kumrudisha kitandani kama alivyokuja, au vibaya zaidi. Kwa hiyo nakuuliza. Una uhakika na karatasi yako? Ukiwa na uhakika, sitagusa."

Mungu alikuwa amemfungulia mlango, msomaji wangu. Neno moja tu lilitosha: sina.

Fleurette aliwaza Alhamisi. Kila Alhamisi karatasi zilisomwa kwa sauti mbele ya madaktari wote. Kama angeandika jina lile, mtu angesimama kuuliza, "Huyo Fleurette ni nani?" Aliwaza benchi la korido ya chini, ambako Mama Alphonsine aliketi tangu saa kumi na moja alfajiri na rozari yake na kofia yake ya Jumapili. Siku tatu nzima Fleurette alikuwa akipanda ngazi za nyuma ili asikutane na macho yale.

"Nina uhakika, daktari."

Taa ikazimika.

*

Daktari aliomba uzi. Uzi mweupe wa hariri, uliochovywa majini. Aliulaza juu ya ubongo taratibu, ukazunguka mahali pa kukatwa. Ulikizunguka kikaratasi namba kumi na tano.

Fleurette aliona yote kupitia kioo. Mahali pale ndipo ulimi wa Rosaire ulipokaa.

Alijiambia kwamba daktari ni mtu wa busara, ataona mwenyewe. Akajiambia pengine amekosea kuona, pengine unyamavu ulikuja kweli kwenye kumi na nne. Alijaribu kusali Salamu Maria, akafika "utuombee sisi wakosefu", akakwama. Kila mwaka Kwaresima ilipokaribia alikwenda kuungama. Aliungama hasira, uvivu, maneno makali kwa marehemu mume wake. Kitu kimoja alikiruka kila mwaka, kama alivyokiruka leo kwenye karatasi.

"Rosaire," alisema daktari kwa Kifaransa chake kizito, "zungumza. Usiache kuzungumza. Ukinyamaza, nitajua."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Kazi yako ni nini?"

"We daktari! Umenifungua kichwa hujui kazi yangu? Mimi ni mwita ngoma! Saint-Odon nzima haichezi mpaka nifungue mdomo. Leo usiku ndio usiku wa mwisho kabla ya Kwaresima, watu wanacheza mpaka saa sita kasoro dakika. Mwaka huu wamemchukua Ovila ashike nafasi yangu. Ovila! Anaita kama mtu anayefukuza kuku."

"Basi wewe waite vizuri," alisema Nesi Kerrigan. "Hapa hapa."

Rosaire akakohoa. Kisha, akiwa amelala ubavu, kichwa kimebanwa katika fremu ya chuma, akaanza kuita.

"Wanaume, washikeni wenu! Mduara mkubwa, nendeni kushoto! Wanawake katikati, wanaume nje! Mzungushe jirani, mzungushe vizuri, mrudishe kwao kabla mume hajaja!"

Mguu wa nesi ulianza kugonga sakafu. Msaidizi wa daktari alikuwa akitikisa kichwa kwa mapigo. Hata mpiga picha, aliyekuwa kwenye kona akibadilisha balbu ya kamera yake, akasimama kusikiliza.

"Ewe wa nyuma, usilale! Mpishe mama, ana haraka! Vuka, vuka, rudi kwako!"

Daktari Ainslie alinyosha mkono. Msaidizi akaweka kisu kwenye kiganja.

Fleurette alikumbuka sauti ile ikiwa bado nyembamba, ya mtoto wa miaka minane, akiwaita kuku na paka wacheze jikoni mwa Mama Alphonsine, amesimama juu ya sanduku la viazi. Ilikuwa majira ya baridi yale yale, wiki chache kabla ya ghala.

Alibonyeza kitufe kwa kiganja kizima.

"Acha!"

Halikutoka kwa Kiingereza. Lilitoka kwa Kifaransa cha Saint-Odon, kile cha jikoni na zizini, na likapiga kuta za chumba.

Kisu kikasimama.

"Daktari, usikate hapo. Karatasi ni ya uongo. Mimi ndimi niliyeipotosha."

Hakuna aliyesogea. Rosaire alikuwa ameacha kuita.

"Huyo ni nani?" aliuliza polepole. "Dada nesi, nani huyo anayesema kama kwetu?"

Nesi Kerrigan alitazama juu kwenye kioo.

"Bi Lussier," daktari alisema, sauti ya chini mno, "eleza."

Akaeleza, sasa kwa Kiingereza, maneno yakigongana. Kumi na nne ndiyo ya sauti. Kumi na tano ndiyo ya kunyamaza. Maneno ya mgonjwa yalieleweka yote, neno kwa neno, na yeye hakuyaandika kwa sababu yalimtaja.

"Yalikutaja wewe?"

"Mimi ni Fleurette. Mimi ndiye huyo wa darini."

Daktari alikirudisha kisu kwenye sinia. Kilitoa mlio mdogo. Kwa kitambo alisimama mikono imeinuliwa, kama padri aliyesahau sala inayofuata.

"Kumi na moja," alisema hatimaye. "Miaka kumi na moja nimekaa bila kumharibu mtu ulimi."

Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

*

"Sasa sina karatasi," daktari aliwaambia wote. "Lazima niguse. Mara moja kila mahali, basi. Rosaire, utanivumilia?"

"Fleurette yupo wapi?" aliuliza Rosaire.

"Juu. Nyuma ya kioo. Utanivumilia?"

"Guseni. Mimi siendi popote."

Nesi akainua picha. Ncha ikashuka kwenye kumi na tano.

Rosaire alitazama picha. Midomo ilisogea. Macho yalimtoka kwa juhudi, mkono ukatengeneza ngumi ukagonga shuka mara mbili, tatu, kama mtu apigiliaye msumari. Sauti haikutoka.

Ncha ikainuka.

"Nyundo!" akapasuka. "Nyundo, nyundo, nyundo! Nilikuwa nayo mdomoni, daktari, lakini mlango ulifungwa."

Msaidizi akashusha pumzi. Hapo ndipo kisu kilipokuwa kikienda. Fleurette aliandika: kumi na tano, alinyamaza, hakuweza kusema nyundo. Tone la chozi liliangukia mstari, akalifuta kwa mkono wa koti asiharibu wino.

"Sasa kumi na nne," alisema daktari. "Bi Lussier, kila neno. Na uyaseme kwa sauti, na mimi nisikie."

Ncha ikashuka.

Kona ya mdomo wa Rosaire ilicheza. Mara moja, mara mbili. Nesi Kerrigan akamshika kidevu.

"Daktari, kinakuja."

"Subiri."

Mdomo ukatulia. Na uso wa Rosaire ukawa uso wa mtoto.

"Tuko darini," alisema. "Nyasi zinanukia. Fleurette amesimama kwenye boriti, kavaa koti langu la zamani. 'Ruka, Rosaire! Ruka, usiwe mwoga!'"

Fleurette alitafsiri kwa sauti, kila neno, hata jina lake.

"Nje kuna mtu anaimba," Rosaire aliendelea.

Kalamu ikasimama. Hili halikuwemo mara ya kwanza.

"Ni Donat. Anaimba ule wimbo wake wa mbwa mlevi. Yuko mbali, mtoni, anakata barafu. Nasikia msumeno wake. Krrr, krrr."

Daktari aliinua ncha.

"Imezimika," alisema Rosaire. "Nilikuwepo, sasa sipo." Akanyamaza, na safari hii haikuwa kazi ya umeme. Alikuwa akifikiri.

"Dada," aliita. "Unanisikia huko juu?"

"Nakusikia."

"Miaka ishirini na miwili nyumbani kwetu inasemwa kwamba Donat Plourde, kibarua wetu, ndiye aliyeacha wazi ule mlango wa sakafuni, ule wa kuwatupia ng'ombe nyasi. Kwamba alikunywa, akausahau. Nikaruka juu ya nyasi, nikapita, nikaangukia mawe kwa kichwa, kifafa kikaanza. Mama alimfukuza siku ile ile, na kifurushi chake mgongoni, kwenye theluji."

"Najua."

"Lakini Donat alikuwa mtoni. Nimemsikia sasa hivi. Alikuwa mtoni tangu asubuhi."

"Ndiyo."

"Basi nani aliufungua?"

Rosaire alijua jibu. Alitaka litoke mdomoni mwa Fleurette.

"Mimi," alisema Fleurette. "Ilikuwa zamu yangu kuwalisha ng'ombe. Nikaufungua, nikatupa nyasi, nikasahau kuufunga. Nyasi zikaufunika. Kisha nikakwambia uruke."

"Ulijua uko wazi?"

Chumba kizima kilitazama kioo, hata wale wasiojua Kifaransa.

"Nilikumbuka ukiwa hewani."

Rosaire alifumba macho.

"Na Donat?"

"Mama aliniuliza nani aliacha mlango wazi. Ulikuwa umelala mezani, damu inakutoka sikioni. Niliogopa atanipeleka kwenye nyumba ya mayatima. Jina la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa la Donat. Nilidhani kesho nitalifuta. Kesho yake alikuwa ameshaondoka, na ilikuwa rahisi."

"Rahisi," alirudia Rosaire. "Unajua anafanya nini Donat kila Mwaka Mpya? Anatembea kutoka parokia ya pili, anasimama mlangoni mwa kanisa letu. Mama akitoka, anamvulia kofia. Kichwa wazi kwenye baridi ile, nywele zimekuwa nyeupe. Na mama anageuza uso. Kila mwaka! Mwaka huu mimi mwenyewe nilitema mate miguuni pake. Mimi, Fleurette. Nilikuwa nimeanguka mara mbili wiki ile, nikamtemea."



"Jamani, muda," alisema daktari kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia. "Ubongo ulio wazi hausubiri. Bi Lussier, kesho saa tatu uje ofisini kwangu, tuzungumze kama kazi hii ni yako tena. Leo sina karani mwingine. Andika ninachosema, na usirembe."

"Ndiyo, daktari."

Akauinua uzi mweupe, akaulaza upya. Ukaizunguka namba kumi na nne, ukaiacha kumi na tano nje, salama.

*

"Daktari," aliuliza Rosaire, "unakata wapi sasa?"

"Pale unapomsikia dada yako. Kifafa chako kinaanzia hapo. Kila unapoanguka, moto huwashwa pale kwanza."

"Kwa hiyo mnalitoa ghala lote? Na boriti, na Donat anayeimba?"

"Nakata kipande cha nyama kilichoharibika, Rosaire. Wengi huamka na kumbukumbu zao zote. Lakini siwezi kukuapia. Huenda ukaamka hukumbuki asubuhi hii hata kidogo."

"Hata kidogo."

"Inawezekana."

Rosaire akacheka, kicheko kifupi kikavu.

"Sikia hiyo, dada. Ana kisu, na shahidi wako ni mimi. Nikiamka nimesahau, umeokoka. Utashuka kwa ngazi zako za nyuma, na mama atakwenda kaburini akimgeuzia Donat uso."

Fleurette hakuwa amelifikiria. Naapa kwamba hakuwa amelifikiria. Lakini lilipotamkwa, kitu ndani yake kiliruka kwa furaha, kitu kidogo cha aibu, na akakiona. Kilimtisha kuliko kisu.

"Nitamwambia," alisema.

"Aa-aa. Hivyo ulisema na zamani. Kesho nitalifuta." Rosaire alinyanyua mkono alioweza kuunyanyua, kama anavyoufanya ukumbini anaponyamazisha wapiga fidla. "Usiniahidi mimi. Mimi kichwa changu kiko wazi, kila kitu kinaweza kudondoka. Ahidi mbele ya watu wenye vichwa vilivyofungwa."

"Mimi nipo," alisema Nesi Kerrigan. "Na sisahau kitu, muulize mume wangu."

Msaidizi akainua mkono. Mpiga picha naye, kamera kifuani, akasogea katikati. Daktari Ainslie alikuwa amekwisha kukichukua kisu tena, lakini alikishika mbali, akingoja.

"Nami nitasikia," alisema. "Upesi, Bi Lussier."

Fleurette alisimama. Alivuta kipaza sauti karibu. Akafungua mdomo.

Nyuma yake, mlango wa chumba cha kioo ulilia bawaba.

Aligeuka. Mlangoni, akihema kutokana na ngazi, kofia ya Jumapili imekaa upande, alisimama Mama Alphonsine Gadbois. Alikuwa amekuja kwa ngazi za nyuma.

"Samahani, bibi," alisema, akifinya macho kwa sababu ya mwanga mkali uliotoka chini. "Mzee anayefagia kaniambia karani wa juu ndiye anayejua kila kitu kuhusu mwanangu. Nimebisha mara mbili. Mlikuwa mnazungumza, nikasubiri..."

Alisogea hatua moja. Macho yakatanuka.

"Fleurette?"

Alikuwa amesubiri muda gani pale nje? Kwenye ngazi zile husikika kila kitu. Rozari ilining'inia mkononi mwake, na vidole havikuwa vikisogeza punje hata moja.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Chini, nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa, na Rosaire, asiyeweza kuona kitu ila uso wa nesi, aliita, "Mbona kimya? Dada! Daktari hajanigusa, na bado sisikii kitu!"

Fleurette alikamata ukingo wa meza. Kisha akavuta kiti, kiti chake cha pekee, akakisukuma mbele ya yule mama aliyemlea.

"Kaa, mama," alisema ndani ya kipaza sauti, ili wote wasikie. "Rosaire, mama yuko hapa. Ninaahidi mbele yake, na mbele ya daktari na nesi na ninyi nyote, na Mungu ananisikia: wakati wewe unakatwa, mimi nitamwambia ni nani aliyeufungua mlango ule. Na kesho, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso wangu, nitasimama mlangoni mwa kanisa la Donat Plourde, nimvulie mimi kofia."